Barua Niliyoigonga Muhuri Bila Kuisoma

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa masijala wameniomba niwaandikie kitu cha kusoma wanapomngoja hakimu afike. Vyeo vyangu sitavieleza, kwa sababu vilikuwa viwili tu, na mshahara wangu kila mtu pale ofisini anaujua. Nitaeleza kazi yenyewe, mtu aliyenifundisha kuifanya, na barua moja ambayo nikiikumbuka nashika kitu cha kuegemea.

Naitwa Mwanaidi. Nilizaliwa Mugumu, nyumbani kwa fundi cherehani ambaye baba yake alitoka pwani akifuata biashara ya vitambaa, akaoa huku, hakurudi. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Kikurya nimejifunza kwenye kaunta ya mahakama, ndiyo maana ninachokijua vizuri ni cha kulalamika. Cha kubembelezana sikuwahi kukisikia.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama moja ya mwanzo wilayani Serengeti, nilivaa viatu vyeupe na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hakimu wa wakati huo alinitazama miguu, akanikabidhi rejesta, pedi ya wino na muhuri.

"Muhuri ugonge pembeni," aliniambia. "Usifunike maandishi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote, na niliyashika. Kwa miaka mingi sikumwona karani aliyegonga muhuri ulionyooka kama wangu. Watu walinisifu. Nami nilidhani kwamba kuwa karani mzuri ni huko.

Taipureta yetu ilikuwa imepoteza herufi k. Nilizijaza zote kwa kalamu, moja moja, na neno "hukumu" halikuwa hukumu mpaka nipite na wino. Mashauri mengi yalikuwa ya mbuzi, mipaka na mahari. Mkulima mmoja wa Machochwe, kule pembeni mwa hifadhi, alikuja akiwa na hasira kwa sababu tembo alikuwa amemaliza mtama wake, akataka nimwandikie tembo samansi. Nilimwambia tembo hapokei samansi. Akaniuliza kama nimewahi kumpelekea.

Baadaye nilihamishiwa wilaya ya Tarime, kwenye mahakama ambayo sitaitaja, maana walioko pale sasa hawahusiki na haya. Huko mashauri yalikuwa mazito zaidi. Kulikuwa na ng'ombe walioibwa, mapanga, na watu wa Kerende waliogombea kiwanja kimoja watatu kwa pamoja, kila mmoja na karatasi yake. Na huko ndiko nilikomkuta Hakimu Wambura.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye pikipiki iliyokataa kuwaka kila Jumatatu. Kabla ya kusomea sheria alikuwa seminari, akasoma falsafa miaka mitatu, kisha akaacha upadri. Yeye alisema aliacha kwa sababu ya mke. Mke wake alisema alifukuzwa kwa ubishi. Alipenda karanga za kuchemsha, na majalada yetu mengi ya miaka ile yana maganda ndani. Alikuwa mzito wa kazi. Shauri ambalo wenzake walilimaliza kwa asubuhi moja, yeye alilichukulia siku tatu, kwa sababu alisoma kila ukurasa wa jalada tangu wa kwanza, hata kama alishausoma jana. Watu walinung'unika. Mimi pia nilinung'unika, kwa sauti ya chini.

Jambo moja hakulivumilia mahakamani, nalo ni shahidi kusema "tuliambiwa". Aliweka kalamu chini, akangoja. "Nani alikuambia? Wewe ulijibu nini? Ulikuwa umesimama wapi?" Nilidhani ni mabaki ya seminari.

Sasa nije kwenye barua.

Iliandikwa na mjane mmoja wa Nyanungu aitwaye Bhoke, kwa mkono, kurasa tatu za daftari la shule. Aliileta mwenyewe siku ya Ijumaa, karibu na saa sita, nami nilikuwa nataka kufunga niwahi swala. Nikaona jina lake, nikaona kichwa cha habari kilichosema "Kutengwa", nikatafuta namba ya shauri. Haikuwepo. Barua isiyo na namba ilikuwa na mahali pake, faili la mengineyo, kabati la chini. Nikaigonga muhuri wa kupokelewa pembeni kabisa, umenyooka, nikamwambia, "Imepokelewa, mama. Nenda salama." Akashukuru, akaondoka.

Kama ningeisoma ningejua haya. Miezi miwili kabla ya hapo Bhoke alikuwa ametoa ushahidi mbele yetu kwamba ng'ombe fulani walioibwa walifichwa kwenye boma la shemeji yake. Alisema kweli, na ng'ombe walipatikana. Baada ya hapo ukaitishwa mkutano wa kijiji, na wazee watatu, wa kwanza wao akiwa Mzee Nyamhanga, wakatangaza kwamba Bhoke ametengwa. Asisalimiwe na mtu. Asiuziwe chumvi wala kuazimwa jembe. Mtu asiingie uani kwake. Atakayekaidi atatoa ng'ombe, na yeye pia atatengwa. Mwisho wa ukurasa wa tatu Bhoke aliandika: "Mtoto wangu akiugua, nitamwita nani?"

Huo ukurasa wa tatu mimi sikuufikia.

Wiki tatu zikapita. Siku moja asubuhi nikainua macho nikamwona Bhoke kaunta, amembeba mgongoni mtoto wa miaka sita, mkubwa sana kwa kubebwa.

"Dada karani," alisema, "barua yangu ilifika?"

"Ilifika, mama." Nikaitoa kabatini. Na Mungu anisamehe, nilimwonyesha muhuri.

Aliutazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenzake. Kisha akanieleza bila kupandisha sauti. Robhi, huyo binti yake, alipatwa na homa kali, shingo ikakakamaa. Bhoke akambeba mpaka kwa jirani yake Mwita, mwenye toroli, amsaidie wamfikishe barabarani. Mwita alikuwepo. Aliwatazama, akaingia ndani. Njia panda kulikuwa na kijana wa bodaboda. Alipomwona Bhoke aliwasha pikipiki akaondoka bila abiria. Bhoke akatembea, akatembea, akafika hospitali alasiri. Madaktari waliokoa maisha ya mtoto. Masikio hawakuweza.

"Hasikii tena," alisema. "Ukimwita hageuki."

Sijui kwa nini, nilimwita. "Robhi!" Mtoto aliendelea kutazama feni.

Niliingia kwa Hakimu Wambura na ile barua mkononi, nikamweleza yote, hata ile ya muhuri. Alisoma kurasa tatu. Akarudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mashahidi.

"Mwanaidi, ulikuwa na chuki na huyu mama?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa simkumbuki hata sura."

"Ulikuwa na haraka?"

"Kidogo. Ilikuwa Ijumaa."

"Uliposhika barua, ulikuwa unawaza nini?"

Nilitafuta jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwa baya kuliko yote. "Niliwaza kwamba wino umekaribia kwisha."

Nilingoja karipio. Badala yake alinisogezea kiti, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumzia yale aliyosoma seminari.

Aliniambia kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, katika mji mmoja wa Wagiriki, palikuwa na mtu aliyezunguka sokoni akiwauliza watu maswali mpaka wakamchoka, wakamhukumu anywe sumu. Mtu huyo alishikilia kwamba hakuna anayetenda uovu huku akiuona wazi kuwa ni uovu. Anayetenda hajaona, au hajataka kutazama. Na kufikiri, kwake yeye, kulikuwa ni mtu kuzungumza na nafsi yake. "Ni kama hivi," alisema Wambura. "Unarudi nyumbani jioni, na ndani kuna mwenzako anakungoja, naye ni wewe mwenyewe. Anakuuliza, leo umefanya nini? Mtu aliyezoea kuulizwa hivyo hatendi ovyo, maana anajua atalala nyumba moja na nani. Lakini asiyefikiri anarudi kwenye nyumba tupu. Hakuna wa kumuuliza."

Akamtaja mwingine, askofu mmoja wa zamani, wa hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini. Huyo alihangaika na swali moja: kama Mungu aliumba vitu vyema, ubaya umetoka wapi? Mwisho akaona kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa. Ni wema kukosekana mahali ulipotakiwa kuwepo.

"Kama tundu kwenye shati," nilisema. "Baba yangu alinunua vitambaa maisha yake yote, hakuwahi kununua tundu. Lakini watu walimletea matundu kila siku."

Wambura akacheka, kicheko kifupi. "Tungesoma pamoja, mimi ningefaulu."

Kisha akasema kwamba katika enzi za babu zetu, baada ya ile vita kubwa ya Wazungu, fikra hizo za kale zilirudi kwa nguvu. Mwanamke mmoja msomi, aliyekuwa mkimbizi, alikwenda kutazama kesi ya ofisa aliyepanga usafiri wa watu wasiohesabika, wanaume, wanawake na watoto, kupelekwa kuuawa. Alitegemea kumwona shetani kizimbani.

"Akaona nini?" niliuliza.

Wambura alisita. Nadhani alitamani asingeanza. "Akaona karani," alisema. "Mtu wa mafaili, anayejibu kwa maneno aliyoyakariri. Ukimwomba neno lake mwenyewe, hana."

Nililia pale pale, mbele ya maganda yake ya karanga. Nilipomaliza nikamuuliza kile nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo. "Kwa hiyo, mheshimiwa, mimi si mtu mbaya?"

"Sijasema hivyo. Nimesema ubaya unaweza kufanyika bila kuwepo mtu mbaya. Usilichukue kama faraja. Mimi linanitisha zaidi."

Nimefanya kazi na mahakimu wengi, wengine hodari kuliko yeye kwa sheria. Hakuna mwingine ambaye angeniambia neno hilo kwa upole namna ile bila kulipunguza.

Shauri likafunguliwa. Wazee watatu walishtakiwa kwa kutishia, maana ndio waliotangaza ile faini ya ng'ombe kwa atakayekaidi. Kwa kuwa mimi nilikuwa shahidi, karani mwingine aliazimwa kutoka mahakama ya jirani aandike mwenendo wa shauri. Niliposimama kizimbani niligundua kwamba kutoka pale kaunta yangu inaonekana ndogo sana. Hakimu aliniuliza barua niliifanyia nini.

"Niliipokea," nilisema. Bhoke alikuwa ananitazama. "Sikuisoma."

Yule karani wa kuazimwa aliinua kichwa, akanitazama kama nimevua nguo hadharani. Kisha akaandika.

Mashahidi wa kijiji walifuata, na mmoja baada ya mwingine walisema maneno yale yale: hawana ubaya na Bhoke, waliambiwa, ni utaratibu. Wambura aliwazuia. "Neno 'tuliambiwa' nimeshaliandika, linatosha. Sasa nieleze ulichokiona wewe, kwa macho yako."

Alipofika Mwita, yule jirani, mambo yalibadilika. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia aliyoikunja mkononi. Wambura alimwuliza toroli ilikuwa wapi siku ile.

"Imeegemea ukutani, mheshimiwa."

"Na Bhoke alisimama wapi?"

"Mlangoni. Hapa mlangoni."

"Mtoto je?"

"Mgongoni. Kichwa kilikuwa..." Mwita alilaza kichwa chake begani kuonyesha, na kikabaki pale. Watu wote walimwona. "Kichwa kilikuwa hivi," alisema polepole, kama ndiyo kwanza anakiona. "Macho yako wazi lakini hayatazami."

"Toroli ilikuwa na shida?"

"Tairi lilikuwa limetoka upepo." Hakimu alingoja, na mimi niliyezoea kunung'unikia uzito wake nikaelewa ule muda wote alikuwa akiutumia kufanya nini. "Hapana," Mwita alisema. "Lilikuwa zima. Tairi nimeliwaza nikiwa ndani, ili niwe na la kusema."

Mzee Nyamhanga alijitetea mwenyewe, na sitamfanya awe zimwi, kwa sababu hakuwa. "Ng'ombe wakiibwa ndugu wanazungumza nyumbani," alisema. "Wakianza kushtakiana huku, kijiji kinavunjika. Mimi nililinda kijiji."

"Na Robhi, mzee wangu," aliuliza Wambura, "yeye ni mtoto wa kijiji gani?"

Mzee aliwageukia wenzake wawili, kisha akaketi.

Walitiwa hatiani, wakapewa kifungo cha nje na amri ya kufuta tangazo lao mahali pale pale walipolitangazia. Wakakata rufaa, na kwa hiyo tangazo likabaki, amri ya kulifuta ikisubiri. Lakini Mwita hakungoja. Kesho yake asubuhi alijaza toroli kuni, akaisukuma mpaka uani kwa Bhoke. Bhoke hakutoka. Mwita akaiacha pale. Siku ya tatu aliikuta mlangoni kwake, tupu, imefagiliwa. Alinisimulia haya kaunta, akaniuliza kama hiyo kisheria inamaanisha amesamehewa. Nikamwambia sheria haina kifungu cha kuni.

Mimi nilikwenda Nyanungu Jumamosi iliyofuata na maneno niliyoyapanga njia nzima. Bhoke alinikatiza. "Nilikusikia mahakamani," alisema. "Keti." Akanipa uji. Robhi alikaa kati yetu akinifundisha ishara alizozibuni: kidole puani ni ng'ombe, viganja juu ya kichwa ni mvua. Tulijaza pamoja fomu za shule yenye darasa la viziwi, na kila fomu niliisoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa jina la mpiga chapa. Robhi alipata nafasi.

Kazini nilibadilika, si kwa siku moja. Nilianza kusoma. Foleni ikawa ndefu, watu wakalalamika kwamba yule karani mwepesi ameharibiwa na hakimu. Niligundua kwamba barua nyingi zinasema jambo lake mwishoni, kwa sababu mtu anaona aibu kulianza nalo. Lizingatieni hilo, mlioko kaunta. Na mkijikuta mnamjibu mtu kwa maneno ambayo mngeweza kuyasema mmelala, amkeni.

Rufaa ilichukua karibu miaka miwili, ikatupwa. Wakati huo Wambura alikuwa amehamishiwa mbali. Nakala za hukumu nilizipeleka mimi mwenyewe, mchana, kwenye mkutano wa kijiji. Robhi alikuwa likizo, akaja kunishika mkono. Mzee Nyamhanga alisimama akafuta tangazo kwa sauti iliyokauka, akabaki amesimama peke yake katikati ya watu, wenzake wawili wameshajichanganya na umati.

Hapo kijana mmoja akapiga kelele. "Sasa na yeye atengwe! Aonje!"

"Atengwe!" wakaitikia. Niliwatazama. Walikuwa wale wale waliomtenga Bhoke. Kijana wa bodaboda alikuwepo, naye mkono ulikuwa juu. Sidhani kama hata mmoja alimchukia yule mzee. Mkono wa jirani ulipanda, na wao wakapandisha. Nilitaka kusema kitu, na kila neno lililonijia lilikuwa la ofisini.

Bhoke aliinuka kutoka upande wa wanawake. Alitembea taratibu, akijifunga kanga vizuri, mpaka akasimama mbele ya mzee, karibu kiasi cha kumgusa. Kelele zikapungua, watu wakitaka kusikia atakavyomtukana. Akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee akavua kofia.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Mikono ilishuka mmoja mmoja. Mwita alikuja nyuma ya Bhoke, naye akamwamkia mzee. Halafu mwingine. Robhi hakusikia salamu wala jibu lake. Aliona tu mama yake amesimama mbele ya yule mzee, na mzee ameshika kofia kifuani. Akaniachia mkono, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama na mama yake.